Kiwanja cha Ndege cha Kalemie: Njia Moja, Mabwana Wawili

Mtu akitaka kujua habari za kiwanja cha ndege cha Kalemie, yampasa aanzie majini, si nchi kavu. Ndege za kwanza zilizoruka upande huu wa Ziwa Tanganyika hazikuwa na magurudumu, wala hazikuwa na kiwanja. Zilikuwa na maboya mfano wa mitumbwi, zikiondoka juu ya maji na kutua juu ya maji. Tena hazikuja kuchukua abiria wala barua. Zilikuja kupiga vita. Neno hilo tulishike tangu sasa, kwa maana tangu mwanzo huo hata leo mambo mawili hayo, safari ya raia na kazi ya askari, hayajaachana hapa kwetu.

Kiwanja cha leo kiko kaskazini mashariki ya mji, si mbali na ufuko. Kinasimamiwa na Régie des Voies Aériennes, idara ya serikali iliyoundwa mwaka 1972, ambayo wote twaiita RVA. Njia ya kurukia ni moja tu. Mfanyabiashara aendaye Lubumbashi hupita hapo, mgonjwa anayepelekwa Kinshasa hupita hapo, na askari na bunduki zao hupita hapo hapo. Wageni hustaajabu. Sisi tumezoea, lakini kuzoea jambo si kulielewa, ndiyo maana twaandika.

Sheria ya mataifa yalitenganisha mambo hayo zamani. Katika Mapatano ya Chicago, yaliyotiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944, kifungu cha 3 chasema kwamba mapatano yale ni ya ndege za raia tu. Ndege zinazotumika kwa kazi ya askari, ya forodha na ya polisi huhesabiwa kuwa ndege za serikali, na ndege ya serikali haina ruhusa kupita juu ya nchi nyingine bila idhini ya wenyewe. Angalieni vema: sheria haiulizi ndege imepakwa rangi gani, bali inatumika kwa kazi gani. Kwa hiyo ndege ile ile yaweza kuwa ya raia Jumatatu, ikipakia samaki wakavu na magunia ya wachuuzi, na ikawa ya askari Jumanne, ikiisha kukodiwa kupeleka risasi. Mtu aliyesimama chini atatambuaje? Swali hilo limemwaga damu katika nchi yetu, kama tutakavyoona.

Mji wetu wenyewe ulizaliwa mikononi mwa askari. Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapiteni Jacques, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa, alijenga ngome hapa akaiita Albertville, kwa jina la Mwanamfalme Albert. Kusini, katika Mpala na Mrumbi, tangu 1887 alikuwako Kapiteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu huko Roma, akiwalinda watu waliokimbilia kwa Mapadre Weupe. Naam, hata misioni ilikuwa na askari wake. Wala hatusemi hivyo kwa kulaumu. Wakati bunduki za wafanya biashara ya watumwa zilipokuwa zikichoma vijiji, watu walimshukuru Mungu kwa kumpata Joubert.

Sasa tuingie katika vita ya kwanza ya dunia. Mwezi wa Agosti 1914 Wadachi wa Kigoma waliiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na ziwa likawa lao. Mwaka 1915 wakashusha majini meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa kutoka Ulaya vipande vipande katika masanduku yapata 5,000 na kuungwa Kigoma. Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kuvuka milima. Hizo ziliteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuzamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Lakini Götzen hawakuthubutu kuigusa. Ndipo Wabelgiji wakafikiri kumpiga adui kutoka juu.

Waliazimwa na Uingereza ndege nne za maji za namna ya Short. Safari ya ndege hizo kuja kwetu yatosha kuwa kitabu. Zilitoka Ulaya kwa meli hata Matadi, zikapanda gari la moshi, zikapanda meli za mto, zikashushwa, zikapandishwa tena, mara reli, mara mto, hata zikafika Kabalo; na toka Kabalo zikaja kwa ile reli ya kufuata Lukuga, ambayo ilikuwa imemalizika katika mwaka 1915 tu. Vyombo vya kuruka, ambavyo baadaye vilifupisha safari zote za Afrika, vyenyewe vilikuja kwa mwendo wa konokono, tena juu ya mabega ya wapagazi kila vilipohamishwa. Majina ya wakubwa wa safari hiyo yameandikwa. Ya wapagazi hayakuandikwa.

Mawimbi ya Tanganyika yalikuwa makali mno kwa vyombo vyepesi vile, basi kambi ya ndege ikawekwa katika ziwa dogo la Tungwe, palipokuwa na maji matulivu. Kutoka hapo, tarehe 10 Juni 1916, rubani Aimé Behaeghe pamoja na mwenzake Collignon walivuka ziwa na kutupa mabomu juu ya bandari ya Kigoma. Wabelgiji walisema Götzen ilipigwa, wengine wakakana. Lililo hakika ni kwamba tarehe 26 Julai 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha meli ile wasije wakaiacha mikononi mwa adui, na siku mbili baadaye Kigoma ikatwaliwa. Behaeghe hakuiona Noeli ya mwaka ule. Alikufa kwa ugonjwa huko Niemba, kando ya reli yetu, tarehe 3 Desemba 1916. Jina hilo la Niemba litarudi.

Hapa tuseme kidogo habari ya meli, ingawa si ndege. Götzen ilipakwa mafuta mazito mashineni kabla ya kuzamishwa, ikatolewa majini mwaka 1924, na tangu 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba, ikichukua abiria, mahindi na samaki. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha wakimbizi Wakongo kwao. Chombo cha vita kikawa chombo cha watu, na watu wakakipenda. Kwa hiyo yawezekana. Kwa upande wa ndege kazi hiyo ya kugeuza imekuwa ngumu zaidi.

Yuko mtu mmoja aliyejaribu kuifanya katika maisha yake mwenyewe, naye ni Edmond Thieffry. Katika vita alikuwa rubani mpiganaji wa Ubelgiji, aliyeshinda ndege kumi za adui kabla ya kuangushwa na kufungwa mwaka 1918. Vita ilipokwisha alitaka ndege zifanye kazi ya amani. Mwaka 1925 aliondoka Bruxelles tarehe 12 Februari akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili, siku 51, kwa ndege ya Sabena, kampuni iliyoanzishwa miaka miwili nyuma. Kisha akarudi Kongo kutayarisha safari za ndege za ndani ya nchi, mji kwa mji. Tarehe 11 Aprili 1929 ndege yake ilianguka karibu na Ziwa Tanganyika, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 36. Ni ajabu kwamba watu wa ziwa hili hawalijui jina lake, nao wamepanda ndege za njia alizozitafuta yeye.

Katika miaka iliyofuata vita ya pili ya dunia Sabena ilikuwa na mtandao mkubwa wa safari katika Kongo, na Albertville ilikuwa mmoja wa miji hiyo. Ndege za injini mbili za namna ya DC-3 zilileta barua, dawa, wakubwa wa serikali na wa reli. Tusidanganyike lakini: raia waliopanda ndege zile walikuwa karibu wote Wazungu. Mwafrika alizitazama kutoka chini, au alizipakia mizigo. Kiwanja kilikuwa cha raia, lakini si cha raia wote.

Misioni nazo ziliona faida mapema. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka Bagamoyo Juni 1878 ukafika Ujiji Januari 1879, na Padre Pascal akafa njiani. Miezi saba! Katika mwaka 1927 Padre Paul Schulte wa Waoblati wa Maria Immakulata, naye pia rubani wa zamani wa vita, aliunda huko Udachi chama kiitwacho MIVA cha kuwapatia wamisionari magari, mashua na ndege. Sababu yake ilikuwa kifo cha rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, aliyeugua katika Afrika ya Kusini-Magharibi mwaka 1925 akafa kwa kukosa chombo cha kumfikisha haraka kwa mganga. Na mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto XV alikuwa amekwisha kumtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wanahewa wote. Wote, bila kutenga askari na raia.

Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Hapa kaskazini ya Katanga Baluba wengi, wafuasi wa Jason Sendwe na chama cha Balubakat, walikataa. Mwezi wa Agosti Umoja wa Mataifa ulileta Albertville askari wa Ireland, batalioni ya 33. Tangu siku hizo watu wa hapa walijifunza kuitazama kila ndege kwa mashaka: je, yaleta askari wa kutulinda, au mamluki wa Tshombe, au unga? Tarehe 8 Novemba 1960, huko Niemba, doria ya Waairishi kumi na mmoja ilishambuliwa na wapiganaji wa Kibaluba, na tisa wakauawa. Yasemekana walidhaniwa kuwa watu wa upande wa Katanga. Mzungu mwenye bunduki alikuwa Mzungu mwenye bunduki, nani angempambanua?

Mashaka yale hayakuwa ya bure. Mwezi wa Aprili 1961 ndege ilitua Kabalo ikiwa na mamluki kweli, nao Wahabeshi wa Umoja wa Mataifa wakawakamata wapatao 30. Na usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961 Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliruka kutoka Léopoldville kwenda Ndola. Kwa kuogopa ndege ya vita ya Katanga, rubani wake alizunguka mashariki, akapita juu ya Tanganyika kisha akageuka kusini. Ndege hiyo ilianguka karibu na Ndola, na watu wote 16 waliokuwamo wakafa. Miezi miwili baadaye, Novemba 1961, marubani na wasaidizi Waitalia 13 walitua Kindu na ndege mbili za kijeshi za kuchukua mizigo. Walikuwa wamewaletea vifaa askari wa Umoja wa Mataifa waliokaa pale. Askari waasi wakawadhania kuwa mamluki wa Katanga, wakawaua wote. Waliokufa walikuwa askari kwa sare zao, lakini kazi yao siku ile ilikuwa kazi ya wapagazi. Hilo ndilo swali letu la kwanza, limejibiwa kwa panga.

Mwaka 1964 zamu ikawa ya kiwanja chetu chenyewe. Mwezi wa Juni waasi wa Gaston Soumialot waliuteka mji, na Sendwe, aliyekuwa rais wa jimbo, akauawa. Mwezi wa Agosti mamluki wa Mike Hoare walikuja kwa mashua kutoka upande wa Moba. Hawakukusudia kwanza nyumba ya serikali, wala stesheni, wala bandari. Walikusudia kiwanja cha ndege. Walishindwa wakarudi nyuma, na wawili wao wakafa. Mwishoni mwa mwezi huo majeshi ya serikali yaliurudisha mji. Twajifunza hapo jinsi wenye vita wanavyoupima mji: reli yaweza kung'olewa, ziwa laweza kuvurugwa na upepo, lakini mwenye kiwanja aweza kuongezewa nguvu kwa saa mbili.

Mwaka uliofuata kiwanja kilijaa wageni ambao watu hawakuambiwa habari zao. Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965 pamoja na Wakuba, kuwasaidia waasi katika milima ya Fizi. Dhidi yake ziliruka kutoka Albertville ndege za vita za T-28 na B-26, zilizotolewa na Marekani, na marubani wake walikuwa vilevile Wakuba, wale waliokimbia utawala wa Fidel Castro. Basi Wakuba walipigana na Wakuba kwa sababu zao za kwao, na mabomu yakaangukia Baraka na Fizi, ambako wavuvi na wakulima hawakuijua Cuba hata kwa jina. Novemba 1965 Guevara alivuka ziwa kurudi alikotoka. Marubani nao wakaondoka. Kiwanja kikabaki, na mji baadaye ukaitwa Kalemie.

Miaka ya Mobutu tutaipita haraka, maana kwa kiwanja ilikuwa hasa miaka ya kuchakaa. Reli nayo ikachakaa, barabara zikafa, hata ndege ikawa si anasa tena bali haja. Hapo ndipo wananchi wa kawaida walipoanza kupanda ndege kwa wingi: si kwa sababu walikuwa matajiri, bali kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Agosti 1998 mji ulitwaliwa na waasi wa RCD pamoja na askari wa Rwanda waliowasaidia. Familia zikakatwa vipande viwili, huku na huku ya mstari wa vita. Mwaka 2001 walinzi wa Umoja wa Mataifa wakaingia: Wauruguay na mashua zao za doria, baadaye Wabenini. Watakaa miaka ishirini na zaidi, hata ofisi yao ya Kalemie ilipofungwa mwisho wa Juni 2022. Katika miaka hiyo ndege nyeupe zenye herufi UN zilikuwa kitu cha kila wiki. Watoto walizihesabu. Na hapa twapenda kutoa haki kwa kila mtu: ndege hizo zilikuwa za jeshi la ulinzi, lakini kwa sababu zilihitaji mahali pema pa kutua, kiwanja kilitunzwa, na kwa sababu kilitunzwa, ndege za biashara na za misaada nazo ziliweza kuja. Wakati Watwa na Baluba walipouana, hasa mwaka 2016 na 2017, na maelfu ya watu wakajaa katika kambi za kando ya mji, wauguzi na dawa walikuja kwa njia ile ile ya kurukia. Wenye kusema kwamba askari wafukuzwe kabisa kiwanjani wakumbuke miaka hiyo.

Lakini wako na wenzao wasemao kwamba hakuna shida yo yote, kiwanja ni cha serikali na serikali yaweza kukitumia ipendavyo. Hao nao wautazame mwaka 2025. Mwishoni mwa Januari Goma ilianguka mikononi mwa M23, na kiwanja chake kikafungwa; ndege za misaada zikakosa pa kutua wakati majeruhi walikuwa wamejaa hospitalini. Februari Kavumu, kiwanja cha Bukavu, kikatwaliwa vilevile. Goma na Kavumu vilikuwa viwanja vya raia na vya askari pamoja, kama chetu. Askari waliposhindwa, raia walipoteza kiwanja siku hiyo hiyo. Watu waliokimbia, raia kwa askari, wakashuka kwa ziwa, wengi hata Kalemie, na mji wetu ukajikuta umekuwa nyuma ya vita. Kutoka siku hiyo kila ndege kubwa iliyotua ilikuwa na maana mbili.

Itifaki ya Kwanza ya Geneva, ya mwaka 1977, yasema kwamba mali ya raia isishambuliwe, lakini kitu kinachosaidia kazi ya vita kwa kweli chaweza kupoteza ulinzi huo. Yasema tena kwamba wenye majeshi, kadiri wawezavyo, wasiweke vitu vya vita katikati ya wakaaji wengi. Nchi yetu iliikubali itifaki hiyo mwaka 1982, ikiitwa Zaire. Maana yake kwa Kalemie ni wazi. Ghala ya risasi ikiwekwa karibu na mahali abiria wanapongojea, si ghala tu iliyo hatarini. Ni mama mwenye mtoto aliyekaa juu ya mzigo wake. Ndege ya abiria ikipakia masanduku ya jeshi chini ya miguu ya abiria, wale waliolipa nauli wamefanywa ngao bila kuulizwa.

Kwa maoni yetu, haitawezekana kuwa na njia mbili za kurukia katika mji wenye shida kama wetu, wala si lazima. Miji mikubwa ya Ulaya yenye fedha nyingi nayo ina viwanja vinavyotumiwa na pande zote mbili. Wanachokifanya ni kugawa nchi kavu: askari ana lango lake, maegesho yake na ghala yake mbali, raia ana lake. Hewa na njia ya kurukia wanashirikiana kwa zamu, chini ya mwongozi mmoja. Kugawa huko hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji ua, lango la pili, na afisa mwenye moyo wa kumwambia mkubwa wa jeshi, kwa adabu, kwamba masanduku yake hayataingia katika ndege ya abiria.